Doa la Unyayoni

Mguu wa kushoto wa Benta ulikuwa mikononi mwangu nilipoliona doa lile mara ya kwanza. Ulikuwa mguu mzito, kisigino kimepasukapasuka kwa miaka ya kusimama mchangani, na maji ya karai yalikuwa ya uvuguvugu kwa sababu Metrine, yule mwalimu wa shule ya msingi aliyetuandalia vyombo kanisani, hakupenda tutetemeke mbele za Mungu. Nikaugeuza mguu kidogo ili niusuuze chini. Hapo kwenye upinde wa unyayo, pale ambapo ngozi ni nyeupe kuliko kwingine kote, kulikuwa na kitu cheusi kadiri ya punje ya ndengu.

Sisi Waadventista tuna desturi hiyo. Kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, wanaume huenda upande wao na wanawake upande wao, kila mmoja anamchagua mwenzake, nao wanatawadhana miguu. Mkimaliza mnakumbatiana na kuombeana, na kama mlikuwa na kinyongo mnakimwaga pamoja na yale maji. Benta na mimi tulikuwa tumechaguana kwa miaka mitano bila hata kuulizana. Yeye alikuwa Mjaluo wa kisiwani Mfangano aliyeolewa Muhuru Bay na kufiwa na mume hapo hapo, akaishi kwa kuanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi, Mong'ina, Mkisii, nilikuwa muuguzi niliyehamishwa kutoka Uriri kwa barua ya mistari mitatu. Hatukuwa na lugha moja ya mama, basi tulikutana kwenye Kiswahili na tukagombania humo kwa raha zetu.

"Funza huyo," nilimnong'oneza.

"Funza gani, na mimi nashinda kwa maji?"

"Jumatatu njoo zahanati nimtoe."

"Yawa, Sista, omba kwanza. Hapa si hospitali."

Nikaomba. Nadhani niliomba vizuri tu, maana nilikuwa na sauti ya kuombea. Huo ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tano.

Sasa lazima nieleze nilivyokuwa, hata kama sijipendi ninapojieleza. Zahanati yetu ilikuwa vyumba vitatu karibu na ufuo, na daktari alifika mara mbili kwa mwezi, akikosa gari hakufika. Siku nyingine zote daktari nilikuwa mimi. Watu waliniita hivyo na sikuwakataza. Nilikuwa na jicho, bwana! Sokoni wanawake walinifungulia vifungo katikati ya mafungu ya nyanya, nami nikiwa bado nachagua vitunguu nikawajibu. Hii choa, usimlaze mtoto na wenzake. Hiyo chunjua, iache, haikulii ugali wako. Hicho kivimbe kinachoteleza chini ya ngozi ni mafuta tu, umezeeka nacho, utazikwa nacho. Mzee Maroa, Mkuria aliyekuja na ng'ombe zake kutoka upande wa mpakani, alinivulia shati mbele ya umati anionyeshe baka jeusi la mgongoni, nikamwuliza alizaliwa nalo, akasema ndiyo, nikamwuliza limebadilika, akasema hapana, nikamwambia avae shati lake kabla hajatia watu kinyaa. Watu walicheka wakashika mbavu. Hata yale madoa ya zambarau yaliyokuja na ugonjwa wa miaka ile, ambao watu hawakutaka hata kuutaja, mimi niliyatambua kabla ya daktari.

Na mara nyingi nilipatia. Hilo ndilo lililoniharibu.

Jumatatu Benta alikuja, akapanda kitandani akilalamika kwamba namchelewesha, wenzake watachukua omena nzuri. Nilichoma sindano kwenye moto wa kibiriti nikaanza kuchokoa. Funza ana mfuko wake wa mayai. Ukimchokoa kwa subira anatoka mzima na unamwona. Hapa hapakutoka kitu, ila damu kidogo. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilisema, "Basi si funza. Ulikuwa mwiba, umeozea ndani." Nikampaka ile dawa yetu ya zambarau, ambayo tulimpaka kila mtu kwa kila jambo, na doa likafunikwa lote. Benta aliutazama mguu wake uliogeuka rangi, akacheka, akasema sasa ana soksi ya bure.

Robo ya pili ilifika mwezi wa sita. Mvua ndefu zilikuwa zimekwisha, na kanisani kulikuwa na joto la mabati. Niliuchukua mguu ule ule nikautia majini, nikaugeuza. Doa lilikuwa limefika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Halikuwa na umbo. Kingo zake ziliingia na kutoka, upande mmoja mweusi tititi, upande mwingine kahawia, na mbali kidogo na lenyewe kulikuwa na kijidoa kingine, kana kwamba kimemeguka kwake.

Nilimkumbuka Mayaka, mwalimu wetu chuoni, aliyefundisha huku akigonga meza kwa chaki mpaka chaki ikaisha. "Saratani ya ngozi kwa mtu mweusi msiitafute shavuni," alisema. "Itafuteni unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Doa jipya linalokua, kingo hazilingani, rangi zaidi ya moja, msilichokoe na msilikwangue. Mpelekeni mtu hospitalini likatwe lote na lipimwe. Likiwahiwa dogo, mtu anapona anaenda zake." Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nilipata alama zote. Kwa hiyo nisijifiche nyuma ya ujinga. Nilijua. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kile kitu, nimekishika mkononi, na nilijua.

Lakini nilikuwa nimeshasema mwiba. Nilikuwa nimeusema mbele ya akina mama wawili waliokuwa wakisubiri chanjo za watoto wao, na Benta mwenyewe alikuwa ameusambaza ufuo mzima kwamba Sista amemtoa mwiba. Kisha huyu alikuwa Benta, jamani! Mtu mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo hana saratani. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mimi muuguzi wa miaka kumi na minne.

Benta aliinama juu ya karai akanitazama machoni. Nilidhani ni utani wake.

"Sista," akasema polepole, "bado ni mwiba?"

"Sasa ni sugu. Mwiba ulitoka ukaacha sugu. Nitaipunguza kwa wembe."

Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakateremka, akacheka kile kicheko chake mpaka Metrine akatugeukia na kidole mdomoni. "Ero kamano, nyar Kisii," akaniambia. Asante, binti wa Kisii. Alinikumbatia siku hiyo kuliko siku nyingine zote, na mimi nikafurahi.

Niliikwangua Jumatatu. Ilitoka damu nyingi kuliko sugu inavyotoa, na nikaikandamiza kwa pamba hadi ikakoma. Nikapaka zambarau.

Robo ya tatu hakunichagua. Tulipoingia chumba cha wanawake nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni, nageuka, namwona Benta ameketi mbele ya Metrine, kamwachia mguu wake wenye soksi. Benta na soksi! Aliniona akaangalia pembeni. Mimi nilitawadhwa na mama mmoja kiziwi wa kutoka Migori aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe, na kusema kweli sijui niliomba nini.

Nilinuna. Sina neno la heshima zaidi. Nilinuna kama mke mwenza. Nilijiuliza nimemkosea nini, nikaona sijamkosea kitu, nikaamua kwamba amepata marafiki waliosoma, anaona haya kushikwa na mikono inayonuka dawa. Tulipokutana njiani nilimsalimu kwa mdomo tu. Mara mbili alisimama kana kwamba ana neno, nami nikaharakisha.

Wiki ya pili Metrine alikuja zahanati baada ya shule, chaki bado kwenye sketi yake. Alisubiri wagonjwa waishe ndipo akafunga mlango.

"Sista Mong'ina, ule mguu wa Mama Dorka una kidonda. Una kitu kama nyama inayoota. Na una harufu."

Dorka ni binti yake Benta, mtoto wa pekee.

"Si alikuchagua wewe?" nikamwambia. "Mtawadhe basi."

Metrine alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyemtegemea akamvunja moyo. Alifungua mlango akaenda, na mimi nikarudi kuhesabu sindano zangu, nikakosea, nikahesabu tena.

Nimezeeka sasa, na kuna mambo mengi niliyoyafanya vibaya ambayo nimeshayasahau au nimeyapatia visingizio. Neno lile kwa Metrine sijalipatia kisingizio mpaka leo. Doa nililiogopa, hilo mtu anaweza kulielewa. Lakini siku ile sikuwa naogopa. Nilikuwa na wivu tu.

Mwezi wa kumi na mbili Benta hakuja kanisani kabisa. Karai la kwanza lilipojazwa maji niliweka taulo chini, nikatoka, nikashuka ufuoni na viatu vyangu vya Sabato mikononi. Siku hiyo wachache tu walikuwa wameanika, na nyavu za Benta zilikuwa zimekunjwa mlangoni. Nilimkuta chumbani amekaa kwenye mkeka, mguu ameuegemeza kwenye gunia, umefungwa kwa kitambaa cha leso. Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Fungua."

Sitaeleza nilichokiona. Niseme tu kwamba hakuna binadamu angeweza kukiita mwiba. Nikapapasa kinena chake, upande wa kushoto, nikakuta mtoki mgumu kama mbegu ya parachichi, usiouma. Mtoki wa kidonda cha kawaida huuma. Niliketi chini mkekani kando yake.

Tulikwenda Homa Bay Jumatatu, kwa pikapu la samaki, Benta amekaa mbele na dereva. Hospitalini tulimwona daktari wa upasuaji, mtu mpole, jina lake Cephas, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuchunguza mguu muda mrefu, akapapasa kinena, akasikiliza kifua, akakata kipande kidogo cha kupeleka Nairobi, ingawa aliniambia pembeni kwamba anajua jibu litakalorudi. Saratani ilikuwa imeshapanda mwilini. Kukata mguu sasa kungekuwa kumtesa bure. "Ingekuja ikiwa ndogo," alisema, akinionyesha ncha ya kidole chake, "ningeitoa na nyama kidogo ya pembeni, basi. Angetembea."

Kisha akauinamia tena, akafuata ukingo mmoja kwa kidole chenye glavu.

"Hapa paliwahi kukwanguliwa. Nani aliikwangua hii?"

Benta alikuwa amelala palepale kitandani, uso ukutani. Muuguzi wa wodi alikuwa ananitazama, na nguo yangu nyeupe, na saa yangu niliyoibandika kifuani.

"Sijui, daktari," nikasema. "Labda waganga wa huko."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Benta hakugeuka.

Jibu la Nairobi lilikuja baada ya wiki sita, nalo lilikuwa lile lile. Kuanzia hapo nilimhudumia nyumbani kwake kila siku nikitoka kazini. Nilimfunga kidonda, nikamwosha, nikampikia uji wa wimbi, nikamfokea Dorka bila sababu kisha nikamwomba msamaha. Niliyafanya hayo yote kwa bidii ya ajabu na majirani wakanisifu, wakasema hawajapata kuona urafiki wa namna hiyo kati ya Mjaluo na Mkisii. Kila sifa niliyopewa ilinichoma. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia Benta, na kila siku nilifika nalo mlangoni nikarudi nalo kwangu.

Aliponiambia hawezi tena kumeza uji, nikajua siku zimebaki chache. Ilikuwa Sabato mchana, mwezi wa tatu tena. Dorka alikuwa amekwenda kisimani. Nilifunga mlango nusu ili jua lisimpige, nikapiga magoti kando ya kitanda, maana kwenye kiti nisingeweza.

"Benta, nina neno."

"Sema."

"Ule haukuwa mwiba. Niliona mwezi wa sita kwamba si mwiba. Nilifundishwa, nilijua, nikaogopa kusema nimekosea. Nikakukata kwa wembe. Halafu kule Homa Bay nikamdanganya daktari nawe ukisikia. Mimi ndiye nimekuua." Sikupanga kulisema lile la mwisho. Nililia kwa sauti, kilio kibaya cha kamasi, mimi niliyekuwa nawakemea wajane wanaolia zahanati.

Benta aliniacha nilie. Mkono wake ulitafuta kichwa changu ukakaa hapo, mwepesi, hauna nyama.

"Nyamaza, nyar Kisii. Kuna kitu pia mimi sikukuambia." Akapumzika kidogo, maana kila sentensi ilimgharimu pumzi. "Ile mwezi wa tano, nilipeleka omena Homa Bay. Kiatu ilikuwa inasugua hii mguu, nikapita hospitali. Kijana mmoja daktari akaangalia. Akasema, mama, hii si mwiba. Akasema nilale, wakate, wapeleke Nairobi wapime. Akasema inaweza kuwa mbaya."

Nilikiinua kichwa. "Mwezi wa tano?"

"Mwezi wa tano. Nikamwambia nakuja, nachukua nguo. Nikatoka na mlango ya nyuma."

"Ukaja kwangu."

"Nikangoja mpaka ile siku ya karai. Nikakuuliza, bado ni mwiba?" Alitabasamu kidogo, na kwa mara ya kwanza kwa majuma mengi nilimwona Benta wangu. "Nilijua utajibu. Miaka yote hiyo sijasikia wewe unashindwa na jibu. Nilitaka mtu anitoe uoga, Sista. Dorka alikuwa anangoja mtihani ya darasa la nane. Nikasema, huyu akisema si kitu, basi si kitu, mimi nirudi kwa kazi yangu. Na ukanitoa uoga. Nililala vizuri miezi miwili."

"Na mwezi wa tisa ukamwendea Metrine."

"Ilikuwa imepasuka. Hata wewe hungeweza kusema ni sugu. Nilikuwa naona haya."

Nitasema nilichohisi, ingawa si kizuri. Nilimkasirikia. Alikuwa amebakiza siku nne za kuishi na mimi nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu alijua, akanyamaza, akaniacha nijitese toka Krismasi. Kisha hasira ikapita na nyuma yake ikaja nafuu, tamu kabisa, nikaona aibu kwa utamu wake. Sikuwa nimekosea peke yangu. Alikuwa na jibu la kweli mfukoni akaja kutafuta lingine. Nilishika ile nafuu kwa mikono miwili, na nikataka kuihakikisha, kama mtu anayefunga mlango halafu anausukuma tena kuona umefungika. Laiti ningejinyamazia.

"Benta," nikamwuliza, "na kama ile siku ningekujibu sijui? Kama ningesema, mimi hapa sijui, twende Homa Bay?"

Alifikiri. Sikutegemea afikiri, nilitegemea aseme mara moja kwamba angekataa, kwamba angetafuta mtu mwingine wa kumdanganya. Macho yake yalitazama mabati juu, midomo ikasogea kidogo bila sauti, kana kwamba alikuwa anajirudisha pale kwenye benchi la kanisa, mguu wake mikononi mwangu, maji bado ya uvuguvugu.

"Tungeenda," akasema. "Na wewe ukiwa pale, ningelala wakate."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu aliyeulizwa njia akaielekeza. Kisha akaniambia ubavu wa kulia umechoka, nimgeuze, nami nikapitisha mikono chini yake nikamgeuza.